Mtoto Hatulii, Kamera Haingoji

Niko Kidato cha Tatu. Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi si mzazi, bado navaa sare ya shule na kuhesabiwa kwenye gwaride. Lakini nimefunzwa kidogo kuhusu uchungu huo, na aliyenifunza ni kifaa kidogo kinachoingia mfukoni: kamera ya dijitali.

Ilikuwa hivi. Shangazi yangu aliondoka mwaka 2024 kwenda Riyadh, Saudia, kufanya kazi ya nyumbani, kama walivyofanya akina mama na dada wengi wa huku kwetu kwenye majani chai. Alimwachia nyanya mtoto wa kiume wa miezi minane. Siku ya kuondoka aliniita kando akaniambia, "Mwanangu, wewe nipigie picha. Nisije nikarudi nikamkuta mtu nisiyemjua."

Baba mdogo, ambaye hupiga picha kanisani na kwenye harusi, alikuwa amenunua kamera kubwa. Ile yake ndogo ya zamani akanipa mimi. Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza! Nilimpelekea shangazi picha ishirini na tatu za kwanza, naye akarudisha ujumbe wa sauti: "Asante mwanangu, nimeziona. Nimeona sweta yake, nimeona kuku, nimeona hata kiatu chako. Sasa uso wake uko wapi? Ameota meno mangapi?"

Nilizitazama tena picha zile. Ni kweli, meno hayakuonekana. Kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kilichopita upesi kama upepo. Ndipo nilipoanza kuuliza, kwani kuuliza si ujinga. Niliyoyapata kutoka kwa baba mdogo, kwa mwalimu wetu wa fizikia na kwa makosa yangu mwenyewe ndiyo ninayoyaweka hapa. Huenda nawe una mdogo wako nyumbani ambaye hatulii.

KAMERA HII INAFANYAJE KAZI?

Kamera za zamani zilitumia filamu. Roli moja ilitoa picha 24 au 36, basi. Mpigapicha alihesabu kila moja kama anayehesabu shilingi zake, na hungeona ulichopiga mpaka filamu isafishwe. Mtoto akifumba macho, ungejua baada ya wiki.

Kamera ya dijitali haina filamu. Mwanga huingia kupitia lenzi, hupita kwenye kipazia kinachofunguka na kufungika, kisha huangukia kibamba kidogo chenye vipokea mwanga mamilioni. Kila kipokeaji hupima kiasi cha mwanga kilichokifikia, na kipimo hicho hugeuzwa kuwa tarakimu. Tarakimu hizo zikipangwa ndizo picha, na kila nukta yake huitwa pikseli. Kamera ya pikseli milioni 12 hutoa picha ya kiasi cha megabaiti 5. Kwa hiyo kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 8 huweza kubeba picha kama 1,600. Linganisha na zile 36!

Jambo lililonifurahisha ni kwamba watoto wachanga wako katika historia ya picha hizi tangu mwanzo. Mwaka 1957 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Russell Kirsch, pamoja na wenzake walitengeneza mashine ya kusoma picha na kuiingiza kwenye kompyuta. Picha ya kwanza aliyoiingiza ilikuwa ya mwanawe Walden, mtoto wa miezi mitatu. Ilikuwa na pikseli 176 kwa kila upande, yaani 30,976 tu. Kamera yangu kuukuu inazo zaidi ya mara 380 ya hizo, na bado uso wa mdogo wetu haukuonekana! Mwaka 1975 Steven Sasson wa kampuni ya Kodak aliunda kamera ya kwanza ya dijitali ya kushikwa mkononi. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, nayo ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Halafu tarehe 11 Juni 1997, huko Santa Cruz, California, Philippe Kahn aliunganisha kamera ndogo na simu yake hospitalini. Binti yake Sophie alipozaliwa, picha yake ikawafikia jamaa na marafiki papo hapo. Hiyo huhesabiwa kuwa picha ya kwanza ya simu kusambazwa namna hiyo.

Kwa hiyo Kirsch alianza na mwanawe, na Kahn akaanza na bintiye. Lakini angalia, ndugu msomaji: Walden alikuwa wa miezi mitatu na Sophie alikuwa ndiyo kwanza amezaliwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na miguu ya kukimbia.

SHIDA YA KWANZA: MWENDO

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tuseme mtoto anakimbia mita 2 kwa sekunde. Kipazia cha kamera kikikaa wazi kwa muda wa sehemu moja ya thelathini ya sekunde, mtoto atakuwa amesogea karibu sentimita 6.7 kabla hakijafungika. Uso wake wote utakuwa umepakwa kwenye picha kama siagi kwenye mkate. Kipazia kikifunguka kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde, mtoto atasogea milimita 4 tu, nawe utaona hata kamasi zake.

Hiyo ndiyo siri. Picha yenye ukungu mara nyingi si kosa la lenzi. Ni kipazia kilichochelewa kufunga. Mtoto aliyeketi anaweza kupigwa kwa sehemu moja ya mia na ishirini na tano ya sekunde. Anayekimbia anahitaji sehemu moja ya mia tano au chini ya hapo. Kamera nyingi ndogo zina alama ya mtu anayekimbia. Ukiichagua, kamera yenyewe hujitahidi kufunga kipazia upesi. Mimi nilikaa na kamera ile miezi miwili bila kujua maana ya alama hiyo. Nilidhani ni ya kupiga picha za michezo ya shule!

SHIDA YA PILI: KAMERA KUCHELEWA

Ukibonyeza kitufe, kamera ndogo ya zamani haipigi papo hapo. Kwanza hutafuta fokasi, yaani hupima mtu yuko umbali gani ili aonekane wazi, kisha hupima mwanga, ndipo ipige. Hayo yote yakichukua nusu sekunde, mtoto wetu wa mita 2 kwa sekunde ameshasogea mita nzima. Ndiyo maana nilikuwa na picha nyingi za kuku: mtoto alikuwa ameshapita, kuku akabaki.

Dawa yake ni hii. Bonyeza kitufe nusu kwanza, usikifikishe chini. Kamera itatafuta fokasi na kungoja. Mtoto akiinua uso, malizia kubonyeza. Pia usimfukuze mtoto na kamera. Jua mahali atakapopita, elekeza kamera hapo, umngojee. Baba mdogo husema mwindaji mwerevu hungoja mtoni. Kama kamera ina njia ya kupiga picha kwa mfululizo, itumie. Katika picha kumi hutakosa moja yenye macho.

SHIDA YA TATU: MWANGA WA KWETU

Hapa ndipo penye kazi. Ukanda wa chai wa Kericho na Bomet uko karibu na ikweta, na sehemu zake nyingi ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari au zaidi. Asubuhi kuna ukungu, saa sita jua liko utosini, na alasiri, kama mjuavyo, mvua. Unyevu wa Ziwa Victoria na milima yetu hufanya mvua ya alasiri iwe kama mwalimu wa zamu: haikosi.

Kipazia kinachofunga upesi huingiza mwanga kidogo. Kwa hiyo mwanga ukiwa mdogo unakwama: ukikiacha wazi, mtoto anakuwa ukungu, ukikifunga upesi, picha inakuwa giza. Unaweza kupandisha kile kinachoitwa ISO, ambacho huikuza nguvu ya mwanga uliopokewa, lakini ukipandisha sana picha hujaa chembechembe kama mtama uliomwagwa.

Mimi husoma shule ya kutwa. Nafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, na kabla ya saa moja giza limeshaingia. Ndani ya jikoni la nyanya kuna moto, moshi na taa moja ya sola. Nilijaribu flashi. Mtoto aliruka, akalia, akajificha ndani ya shuka la nyanya, na kwa siku nne kila aliponiona na kamera alifunika macho. Isitoshe, flashi iliufanya uso wake ung'ae kama sufuria huku nyuma kukiwa na giza tupu.

Basi nikabadilisha saa badala ya kubadilisha kamera. Nilipiga Jumamosi na Jumapili, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, ukungu unapopungua lakini jua halijapanda. Ukungu mwembamba si adui. Hutandaza mwanga kama pazia jeupe dirishani, na uso hauna vivuli vikali. Saa sita ndiyo mbaya, kwa maana jua la utosini hutia kivuli chini ya nyusi, macho yakawa mashimo mawili. Mvua ikinyesha, mweke mtoto mlangoni, uso ukielekea nje, nawe simama kando ya mlango. Mlango ni dirisha kubwa kuliko yote nyumbani, na hauna bei.

Jihadhari pia na lenzi. Ukitoka na kamera kwenye baridi ya asubuhi ukaingia jikoni penye joto na mvuke wa chai, lenzi hushika umande mara moja. Iache itulie kwanza. Usiipanguse kwa kona ya sweta.

SHIDA YA NNE: NGOZI YETU NA KAMERA

Hili wengi hawalisemi. Kamera hupima mwanga wa mahali pote kisha hujaribu kuufanya uwe wa wastani. Ukimweka mtoto mweusi mbele ya ukuta mweupe au mbele ya anga yenye ukungu, kamera huona weupe mwingi, husema, "Hapa pamezidi mwanga," kisha hupunguza. Ukuta unatoka vizuri na uso wa mtoto unakuwa kama mkaa usio na macho wala mdomo. Si kosa la mtoto!

Jambo hili lina historia. Katika enzi ya filamu, kampuni ya Kodak ilipeleka kwenye maabara za picha kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, zikajulikana kwa jina la Shirley. Wasafishaji walipanga rangi mpaka sura hiyo itoke sawasawa. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo cha mtu. Mambo yamekuwa yakibadilika. Mwaka 2021, kwa mfano, Google ilitoa simu ya Pixel 6 na kutangaza kwamba kamera yake imefundishwa kuonyesha vizuri ngozi za rangi mbalimbali. Lakini kamera kuukuu kama yangu haikufundishwa na mtu, lazima niisaidie.

Naisaidia hivi. Kwanza, namweka mtoto mbele ya kitu kisicho cheupe. Nasi tunao ukuta wa bure, yaani michai yenyewe, kijani isiyo na mwisho. Lakini asiingie katikati ya michai: mche wa chai hukatwa ufike kiunoni mwa mchumaji, kwa hiyo mtoto wa miaka miwili humezwa wote. Tena akisimama karibu mno, mwanga unaodunda kutoka kwenye majani humpaka ukijani usoni, akafanana na mgonjwa. Namweka hatua tatu au nne mbele. Pili, kamera nyingi zina alama ya kuongeza na kutoa. Nikiongeza kidogo, uso hufunguka. Anga ikizidi kuwa nyeupe, si neno. Simpigii shangazi picha ya anga.

SHIDA YA TANO: KIMO

Sisi wakubwa hupiga picha tukiwa tumesimama. Ukimpiga mtoto kutoka juu, utapata utosi mkubwa na miguu mifupi, kama kiazi chenye kofia. Ukisogea karibu sana kwa lenzi inayoona mapana, pua huvimba. Piga magoti. Ikibidi lala kifudifudi, nguo zitafuliwa. Kaa kama mita 2 kutoka kwake kisha uvute picha karibu kwa lenzi. Elekeza fokasi kwenye macho, si kwenye sweta.

Siku ya kwanza nilipolala chini kwenye nyasi, mtoto alinitazama kwa muda mrefu bila kusogea. Nadhani alishangaa kuona mtu mkubwa amefika kwake. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ambayo shangazi aliweza kuhesabu meno. Yalikuwa kumi na mawili.

SHIDA YA SITA: MTOTO KUIKIMBILIA KAMERA

Shida hii ilinisumbua kuliko zote. Nikiinua kamera tu, mdogo wetu anaacha mchezo wake, anakuja mbio, anaishika kwa mikono miwili na kuigeuza. Nilipata picha nyingi za paji la uso na vidole. Nilimkemea. Nilimpa kiazi. Nilimwomba nyanya amshike, akapiga kelele. Nikasema moyoni huyu ni mtoto mkorofi.

Nyanya ndiye aliyenifumbua macho. Alikuwa ameketi anachambua mboga. Akasema, "Hapana, mjukuu wangu. Huyu si mkorofi. Anamtafuta mama yake."

Sikuelewa. Nyanya akanieleza. Simu yake ni kabambe ya kupigia na kupokea tu. Simu yenye kioo ni ya baba, na kila Jumapili jioni tunaitumia kuongea na shangazi kwa video. Tangu mtoto apate akili, mama yake ni uso ulio ndani ya kioo. Simu ya baba huiita "Mama." Sasa kamera yangu nayo ina kioo kinachowaka nyuma. Kila nilipoinua kitu chenye kioo, alikuja kuangalia kama mama yake yumo.

Ndugu msomaji, niliweka kamera chini na siku hiyo sikupiga tena.

Wiki iliyofuata nilifanya jambo jingine. Baba mdogo alinisaidia kuweka picha ya shangazi ndani ya kadi ya kamera. Kabla ya kuanza, nilimwita mtoto, nikamwonyesha. Akaitazama, akaigusa, akasema jina lake. Tukamaliza hapo. Kisha nikamwonyesha picha zake mwenyewe, akacheka. Baada ya hapo alirudi kwenye gari lake la mkebe, nami nikapiga nikiwa mbali. Hakukimbilia kamera tena kama zamani. Alikuwa ameshajua ndani mna nini.

Nawashauri wenzangu: mtoto mdogo akiwa na kelele na kamera, usianze kwa kumkemea. Mwache aishike kwanza, aone kilichomo. Usimwambie acheke, maana atakuonyesha meno kama mtu anayeumwa tumbo. Mpe kazi aipendayo, kumwaga maji au kufukuza kuku. Piga dakika chache, kisha uache kabla hajachoka. Mwenye njaa na mwenye usingizi hapigwi picha.

SHIDA YA SABA: KUCHAGUA

Kwa kuwa kadi hubeba picha 1,600, sisi hupiga ovyo tu. Halafu hatuchagui, au tunachagua vibaya. Mimi nilikuwa nafuta kila picha ambayo mtoto analia, amejipaka matope au hana kiatu. Nilitaka shangazi asihuzunike. Nilimpelekea mtoto aliyeoga tu, anayecheka tu.

Siku moja aliniuliza, "Mwanangu, mbona huyu mtoto halii? Mtoto asiyelia ni mgonjwa. Mnanificha nini?" Alikuwa amekaa siku tatu akiwaza kwamba kuna jambo baya. Kule aliko hawezi kutoka kazini akaja kuangalia. Anajua tu kile ninachomwonyesha.

Basi nikampelekea picha moja ambayo sikuwa nimeifuta bado. Kuku alikuwa amempokonya mtoto chapati, naye amesimama na mikono mitupu, mdomo wazi, machozi mpaka shingoni. Shangazi alicheka kwenye ujumbe wa sauti mpaka akakohoa. Kisha akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Analia kama mimi nilivyokuwa nikilia. Nyanya yako atakwambia." Tangu hapo nampelekea picha nne kila wiki, na moja kati ya hizo ni ya taabu. Tena sizipeleki kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, ambayo huzibana zikapungua ubora, bali kama hati, ili aweze kuzikuza akaona vizuri.

SHIDA YA NANE: RUHUSA

Mwisho, kuna jambo ambalo si la mwanga wala la kipazia. Picha ya mtoto ni ya nani?

Wazee wengi huku kwetu hawapendi mtoto mchanga atazamwe ovyo na wageni. Sisi vijana huwacheka. Lakini ukifikiri vizuri, sheria ya leo inasema jambo lililo karibu na hilo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na mtoto ni mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka kibali cha mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto, pamoja na picha yake, kutumiwa. Mnamo Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data, Bi. Immaculate Kassait, iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi wao. Ni kweli sheria hiyo haimgusi mtu anayepiga picha za familia yake kwa matumizi ya nyumbani. Lakini ukishaitupa picha ya mtoto wa jirani mtandaoni, hayo si matumizi ya nyumbani tena. Tena picha ikishatoka hairudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Na kumbuka kwamba simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa.

Kwa hiyo usimpige mtoto akiwa uchi ukapeleka kokote, hata kama anachekesha. Mtoto huyo atafika Kidato cha Tatu siku moja, na wenzake watakuwa na simu.

HITIMISHO

Nimetaja shida nane: mwendo, kamera kuchelewa, mwanga, ngozi, kimo, kuikimbilia kamera, kuchagua na ruhusa. Tano za kwanza zinatatuliwa kwa kuijua kamera. Tatu za mwisho zinatatuliwa kwa kumjua mtoto na kumheshimu aliyemzaa. Ukijua zile tano peke yake utapata picha kali, lakini huenda zisimfae mtu.

Mhariri wetu aliniomba picha ya mdogo wetu ipambe ukurasa huu, ile ya kuku na chapati. Mimi nilikubali haraka haraka, halafu nikakumbuka shida ya nane. Nikamwuliza shangazi Jumapili. Akafikiri, akasema, "La, mwanangu. Hiyo ni yangu. Wao waandikie maneno."

Nami nimeandika. Kandarasi yake inakaribia kwisha, na nyanya ameshaanza kuhesabu wiki. Siku atakayofika nitakuwa na kamera, betri imejaa, kipazia kimewekwa sehemu moja ya mia tano. Nina hakika mtoto atakimbia. Sijui tu kama atamkimbilia mama yake au ataikimbilia kamera, kwa hiyo nimeamua kamera ataishika baba mdogo, nami nitasimama karibu na shangazi.

Kalamu naiweka chini.